Majina Yaliyomtoka Mwalimu Uthman

"Baba hajui meza."

Huwaida alisimama kizingitini, mtandio umemwangukia mabegani, viatu vya shule mkononi. Mamake, Swafiya, alikuwa ukumbini akichambua mchele kwenye uteo, na mwanzo alidhani mtoto amefukuzwa shule kwa utukutu. Alimwambia avae viatu vyake na aseme kama mtu. Huwaida akarudia yale yale: baba hajui meza, hajui kitabu, hajui chaki, na watoto wote wamecheka.

Ilimchukua Swafiya muda kuyapanga maneno hayo yakaleta maana. Mumewe, Mwalimu Uthman, alikuwa akifundisha Kiingereza katika darasa la Huwaida, na asubuhi ile somo lilikuwa aina za maneno, somo alilolipenda kuliko yote. Mji mzima wa Siyu ulijua hivyo. Vijana waliokuwa sasa na ndevu wakimpita njiani walikuwa bado wakimsalimu kwa kumuuliza, kwa mzaha, kama "marhaba" ni nomino au kihisishi, naye husimama akawajibu. Siku hiyo aliandika ubaoni sentensi moja, kwamba mvulana ameweka kitabu juu ya meza, akawataka wanafunzi wamtajie nomino. Msichana mmoja akakosea, akataja "put". Uthman akageuka kumsahihisha, akaigonga meza kwa kiganja, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Akasema, "Hii... hii ya kuwekea."

Darasa likacheka, maana mwalimu alikuwa na vituko vyake vya kuwafikirisha. Akakishika kitabu. Hii ya kusoma, alisema. Akainua chaki, akaitazama kama kitu alichookota ufuoni, ikamponyoka ikavunjika sakafuni. Darasa likazidi kucheka. Huwaida peke yake hakucheka, kwa sababu alikaa dawati la mbele na aliuona mdomo wa babake umekwenda upande.

Swafiya alitoka na leso moja, uteo ameuacha chini, na mchele ukaliwa na kuku.

*

Kiharusi, alisema daktari wa Lamu, baada ya Uthman kupakiwa kwenye pikipiki, kisha kwenye boti, akiwa ameegemea bega la mkewe kama mtoto mwenye homa. Presha ilikuwa juu kwa muda mrefu na hakuna aliyejua. Damu ilikatika sehemu moja ya ubongo, kitambo kidogo tu, na walikuwa na bahati. Mkono wa kulia ungepata nguvu, mdomo ungerudi mahali pake. Maneno ndiyo yangehitaji kazi. Palikuwa na mtaalamu wa usemi aliyekuja hospitalini hapo, mwanamke mmoja aitwaye Gakii, na daktari alimsisitizia Swafiya asichelewe kumleta mgonjwa kwake, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida.

Swafiya aliitikia kila neno. Lakini walipofika nyumbani na mkono ukaanza kushika, na mdomo ukanyooka, alijiambia kwamba usemi nao utarudi wenyewe, kama mambo mengine.

Haukurudi. Au tuseme ulirudi nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyowashangaza watu. Matendo yote Uthman alikuwa nayo. Aliweza kusema nataka kunywa, nimechoka, funga, fungua, wanakuja. Akafahamu kila alichoambiwa, akacheka penye kuchekesha. Lakini akitaka maji alisema "yale ya kunywa", akitaka shuka alisema "ile ya kujifunikia", na samaki walioletwa kutoka kijiji cha Chundwa aliwaita "hawa wanaoogelea", uso umemwiva kwa haya mbele ya wageni. Majina yalikuwa yamemtoka, ya vitu na ya watu, na kila alipolitafuta moja ungemwona akilifuata kwa macho, kana kwamba limepita sasa hivi mlangoni.

Siku moja Swafiya alimtuma dukani sukari, ili atoke, ajione mtu. Alipokawia akamfuata. Alimkuta amesimama mbele ya kaunta, na vijana waliokaa kwenye baraza ya duka wanamtajia vitu kwa zamu, mmoja sabuni, mmoja kiberiti, mmoja nepi za mtoto, na kila akitikisa kichwa wanapiga makofi. Hawakuwa watoto wabaya. Watatu kati yao alikuwa amewafundisha yeye. Uthman alikuwa akitabasamu, akijaribu kuingia kwenye mchezo wao, na mkononi ameshika pakiti ya chumvi aliyoamua kuinunua ili yaishe. Swafiya alimchukua mkono wakaenda zao. Chai ya jioni hiyo waliinywa bila sukari.

Lakini jambo lililozua maneno mjini halikuwa hilo. Ijumaa baada ya sala Bakr, kakake Uthman, alikuja akakaa kitandani ukumbini bila kuvua kofia, akasema anataka kuambiwa kweli. Alimsikia nduguye msikitini kwa masikio yake mwenyewe.

"Yuwasoma Yasini mwanzo hata mwisho, hakosi herufi," alisema. "Akitoka hapo hayui kuniita mimi. Watu wataka kuelezwa, Bi Swafiya, na mimi sina la kuwaeleza."

Wako waliosema ameingiwa na kitu, alieleza Bakr kwa shida. Na wako, hawa ndio walimuudhi zaidi, waliosema mwalimu amechoka na kazi, ataka mshahara wa kukaa. Uthman alikuwepo pale pale akisikiliza. Alifungua mdomo kumjibu ndugu yake, akatafuta, akatafuta, kisha akainuka akaingia chumbani.

*

Mwalimu mkuu, Bwana Hesbon, alikuwa mtu wa bara aliyeletwa Siyu na kazi, akaizoea. Alikuja mwenyewe kwa miguu kuwapa habari, akavua viatu mlangoni, akakataa kiti akakaa mkekani. Alisema amemficha Uthman kadiri alivyoweza: vipindi vyake amevichukua yeye na mwalimu mwingine. Lakini maneno yamefika ofisi ya elimu, na afisa mmoja, Bwana Philip, atakuja kumkagua. Atakaa nyuma ya darasa asikilize somo moja. Likienda vyema, basi. Lisipokwenda, kazi itakuwa mashakani, kwa kuwa mpaka hapo hakuna hospitali iliyosema lolote kuhusu usemi wake. Akauliza kama wamekwishamwona mtaalamu. Swafiya akasema bado, akayakwepa macho yake.

Mshahara ule ndio uliokuwa ukiiendesha nyumba. Hakukuwa na mwingine. Lakini Swafiya alipolala akiwaza haukuwa mshahara uliomkosesha raha. Alikuwa akiiona ile baraza ya duka, na Uthman na chumvi yake. Akiachishwa kazi, alijiambia, watamtajia vitu mpaka afe.

Hapo ndipo alipokumbuka kitu. Asubuhi kadhaa alikuwa amemsikia mumewe, akiwa chooni anajimwagia maji, akisema Kiingereza, maneno mengi, mfululizo, bila kukwama. Safari hii alimwita Huwaida asikilize. Msichana akasogeza sikio karibu na ukuta, macho yakamtoka.

"Anasema nomino ni jina la mtu, mahali, mnyama au kitu," alinong'ona. "Sasa anasema kiwakilishi. Mama, anazisema zote. Ndivyo anavyotusomesha."

Swafiya aliketi palepale kwenye ngazi. Kama Yasini, aliwaza. Yale yaliyoingia kifuani zamani yakakaa hayakuguswa. Na kama yale ya zamani yapo, mengine yanaweza kuongezwa juu yake, kidogo kidogo, mpaka somo zima liwe sura moja ya kuhifadhiwa.

Kutoka siku hiyo walifanya kazi kila baada ya sala ya alasiri, mlango wa mbele umefungwa. Huwaida alimwandikia mamake somo zima kwa herufi za kusomeka: salamu, maelezo, sentensi za mfano, hata mzaha mmoja wa katikati. Swafiya, aliyeacha shule akiwa msichana mdogo na ambaye Kiingereza alikijua cha kuombea radhi tu, alianza kulitamka. Akasema "konjakshen", yaani kiunganishi, mpaka Huwaida akaanguka kwa kicheko na Uthman naye akacheka, kicheko chake cha zamani. Akajua kwamba nomino hutaja na kitenzi hutenda, kielezi humfuata mwenzake kueleza vipi na lini, na kwamba kihusishi ni kineno kidogo kinachoonyesha kitu kiko juu, chini au ndani. Hakuwahi kudhani maneno yana kazi kama watu wa nyumba moja. Alikuwa akisema mstari, Uthman anaupokea, na ukishapokewa mara nyingi unashika. Hata majina yalipita, almuradi yamefungwa ndani ya mstari. Akiambiwa aanze mwanzo, alisema kitabu, alisema meza, kwa Kiingereza safi. Akiulizwa kitabu peke yake, kilimponyoka.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Uthman mwenyewe, jioni moja, alimshika mkewe mkono akamwonyesha upande wa bahari, upande wa Lamu, kisha akagusa mdomo wake. Alitaka kwenda. Alikumbuka alichoambiwa na daktari.

Swafiya alikwishayawaza hayo. Mtaalamu akimwona ataandika kwamba hawezi, na likishaandikwa litamfikia Bwana Philip kabla ya somo. Ngoja aupite ukaguzi kwanza, kisha ataenda kutibiwa akiwa bado mwalimu.

"Yule bibi wa usemi amehamishwa," alimwambia. "Nimeuliza. Hakuna mwingine kwa sasa."

Uthman alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa mahali pake kungoja mstari unaofuata.

*

Siku ya ukaguzi Swafiya alichukua chupa ya chai ili awe na sababu, akaenda akasimama nje ya darasa, chini ya dirisha lenye nondo. Bwana Philip alikuwa mtu mnene mpole mwenye leso ya kujifutia jasho. Alikaa nyuma karibu na Bwana Hesbon, akawasalimia watoto, akamwomba mwalimu aendelee kana kwamba yeye hayupo.

Uthman alianza. Aliligawa somo kama mtu anayegawa chakula nyumbani kwake, bila haraka. Alieleza aina zote nane, akaandika sentensi ubaoni kwa mkono uliotetemeka kidogo tu, akapigia mstari kila neno na kuitaja kazi yake. Mzaha wa katikati ukaja mahali pake na watoto wakacheka. Nje, Swafiya alikuwa akiusogeza mdomo wake pamoja naye, mstari kwa mstari, leso ameibana mkononi. Uthman alipofika mwisho, Swafiya aliiachia ile leso. Bwana Philip alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Alimwambia Bwana Hesbon, bila kuficha sauti, kwamba ameletewa uvumi tu na kwamba laiti walimu wote wangekuwa hivi.

Kisha akasimama kuaga. Na kwa wema, maana alitaka kumaliza kwa jambo la kufurahisha watoto, akauliza swali.

"Mwalimu, hebu tupe mfano mmoja wa jina la pekee. Wa hapa hapa darasani. Nimeambiwa binti yako yumo. Anaitwaje?"

Uthman aliwatazama watoto. Akamwona Huwaida. Uso wake ukajaa nuru, akamnyoshea mkono, na kila mtu akaona kwamba anamjua.

"Yule," alisema. "Yule... nampenda. Yule, alikuja, tulifurahi, sisi..."

Akakwama. Bwana Philip alidhani hakueleweka, akarudia swali kwa Kiingereza, polepole. Jasho lilimtoka Uthman puani. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, midomo ikijaribu umbo moja, ikaliacha, ikajaribu jingine. Kisha akageuka akatazama ubao na kuanza upya, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo: nomino ni jina la mtu, mahali, mnyama au kitu. Akaendelea na kiwakilishi. Akaendelea na kivumishi. Alipofika kihisishi akarudi nomino, na sauti ikapanda tena, na hakuna mtoto aliyecheka sasa. Msichana mmoja wa nyuma alianza kulia kwa hofu. Ndipo Bwana Hesbon alipopita katikati ya madawati, akaichukua ile chaki kutoka mkononi mwake taratibu, akamwekea mkono begani na kumwambia, "Imetosha, ndugu yangu. Umefundisha."

Swafiya alikuwa ameshika nondo za dirisha. Chupa ya chai ilianguka akaisikia ikipasuka ndani. Alikuwa amefundisha mistari yote ile, na haikumjia hata mara moja kumsikiliza mumewe anamwitaje mtoto. Akarudi nyuma kwa akili siku zote zile tangu hospitali, akitafuta mahali popote ambapo Uthman alisema Huwaida, au Swafiya. Alisema njoo, alisema wewe, alisema huyu. Hakupata popote.

*

Huwaida hakula mchana huo. Alikaa juu ya dari akiwa bado na sare, na mamake alipomfuata huko msichana aliuliza swali moja tu, kama mama alikuwa akijua kwamba baba hawezi kulitaja jina lake. Swafiya akasema hakujua.

"Mimi nilidhani amenikasirikia," alisema Huwaida. "Kwa sababu nilikimbia siku ile, nikaja kusema nyumbani. Nilidhani hataki kuniita."

Swafiya alitaka kumkumbatia, akaona mtoto hataki, akabaki ameketi kando yake.

Bwana Philip hakuandika ripoti siku ile ile. Alikuja nyumbani na Bwana Hesbon, akakaa kwa haya kama aliyevunja kitu cha wenyewe, akauliza mgonjwa anatibiwa na nani. Aliposikia kwamba hatibiwi na mtu alishangaa waziwazi. Mtu wa hali hii, alisema, hupewa likizo ya ugonjwa, na hospitali ikithibitisha hakuna anayeweza kumfukuza. Alichokuwa akihitaji tangu mwanzo ni ripoti ya mtaalamu. Akamgeukia Swafiya akamuuliza ni nani aliyewaambia wafiche. Swafiya akaikunja ncha ya leso yake. Uthman alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani, akisikiliza kila neno.

Bakr ndiye aliyetafuta boti. Walikwenda wote wanne.

Gakii alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye miwani, na chumba chake kilikuwa na meza, viti, na picha za vitu vya nyumbani zilizobandikwa ukutani. Bakr alingoja nje. Gakii alimpokea Uthman kwa mikono miwili, akamwita Mwalimu, akamwambia kwamba alikuwa akimtarajia tangu alipotoka wadini. Daktari alimwachia jina lake, naye amekuwepo hapo wiki zote, hakwenda popote.

Uthman aligeuza kichwa akamtazama mkewe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama alivyoitazama ile chaki siku ya kwanza darasani, kama Huwaida alivyosimulia. 

Gakii, ambaye hakujua lolote, alikuwa akieleza kwa upole kwamba majina hayakufa, yamefungiwa njia tu. Yale yanayosemwa kwa kukariri hupita njia nyingine, ndiyo maana yanamtoka vyema, lakini kukariri hakufungui ile iliyozibwa. Watafanya kazi ya kuifungua, alisema, na itakuwa ndefu, na wangekuwa mbali zaidi sasa kama wangekuja mapema. Kisha akasema waanze, wasione haya, hakuna jibu la makosa hapa. Kama jina haliji aseme lolote analolijua kuhusu kitu hicho. Akamwonyesha Swafiya.

"Huyu ni nani, Mwalimu?"

Uthman alifunga macho. Midomo yake ikatafuta, ikaacha. Nje palisikika punda akilia, na mtu akimkemea. Huwaida alikuwa ameinama, anahesabu vigae vya sakafu au anajifanya. Uthman akafumbua macho.

"Yuwapika," alisema. "Yuwaamka. Mimi nalala, yeye yuwaamka." Gakii akamtia moyo kwa kichwa. "Yuwangoja. Yuwanifunza." Akapumua. "Yuwadanganya."

Gakii aliacha kutabasamu. Alimtazama mke, akamtazama mume, akashika kalamu asiandike. Huwaida aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa kwa Uthman kusema jambo zito la kwake mwenyewe, likatimia, na akabaki akimtazama mkewe, akingoja.

Swafiya aliivuta leso usoni, kisha akaishusha.

"Ni kweli," alisema. "Nimekudanganya. Endelea."